Kumwinua Saumu

Mtaani kwetu Makorora watu walimjua Mwalimu kwa mwendo kabla ya kumjua kwa sura. Alitembea kwa nyayo za chinichini, magoti yamelegea kidogo, mabega hayapandi wala hayashuki, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni na hataki hata tone limwagike. Chini ya buibui alivaa suruali nyeupe nzito ya judo. Upepo ukilipeperusha buibui, miguu ile myeupe ilionekana hadi magotini, na akina mama waliokaa vibarazani walikohoa kwa pamoja. Yeye aliwaamkia wote, shikamoo kwa wakubwa, hamjambo kwa wengine, akapita zake.

Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, wapo wanaoyajua hayo kuliko mimi, nami nawaachia. Mimi nilimjua akiwa ameshakuwa yeye: mwanamke wa kwanza katika pwani yetu hii ya kaskazini kufunga mkanda mweusi wa judo, na wa kwanza kuwafundisha wasichana. Asubuhi alifundisha hesabu darasa la tatu. Alasiri alifungua ghala kuukuu lililokuwa likiwekwa mkonge, karibu na reli, akatufundisha kuangushana. Judo aliipata Dar es Salaam alipokuwa chuo cha ualimu, kwa mgeni mmoja aliyekuja kufundisha wanaume. Mwalimu alikwenda akakaa mlangoni wiki tatu, akitazama, mpaka yule mgeni akachoka kumruka kila akitoka, akamwambia aingie.

"Sikumwomba," alikuwa akitusimulia. "Mtu ukimwomba anakukatalia. Nilimziba njia tu."

Magodoro ya ghala lile aliyashona mwenyewe. Alinunua turubai chakavu la lori, akalikata, akalijaza usumba wa makumbi ya nazi aliouleta kutoka Pangani kwa magunia. Usumba ulikuwa ukishuka pembeni kila baada ya miezi michache, katikati kukabaki turubai na saruji, basi Jumapili moja tulikuwa tukifumua, tukichambua, tukijaza upya, tukikohoa vumbi kutwa nzima. Harufu ile ya usumba uliolowa jasho sijaisikia mahali pengine popote duniani, na sina hamu ya kuisikia.

Kuwapata wasichana hakukuwa rahisi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri aliyeshuka na wazazi wake kutoka milimani kuja kukata mkonge, na alikuwa na maoni yake kuhusu binti anayeshikwashikwa ukosi na kiuno. Mwalimu alikuja nyumbani, akampa shikamoo, akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka na mama.

"Mzee," akamwambia, "njoo ukae ghalani siku moja tu. Ukiona aibu yoyote, mchukue mwanao, nami nafunga mlango sifundishi tena."

Baba akaenda, kofia juu ya goti. Alitutazama tukianguka saa nzima. Kuanguka kwa mgongo, kwa ubavu, kwa kupinduka, mkono unapiga godoro paa! halafu unainuka, unaanguka tena. Mwishowe akauliza, "Mbona wanaanguka tu?"

"Miezi mitatu ya mwanzo ni kuanguka tu, Mzee."

Baba akafikiri. "Basi huku hakuna dhambi," akasema. "Kuna maumivu tu." Akaniruhusu.

Mwalimu wa madrasa ya mtaani naye alikuja kuuliza kama wanaume wanachungulia. Kesho yake madirisha yote ya ghala yakawa na vipande vya makuti, tukafanya mazoezi kwenye joto kama la tanuri. Alikuwa hivyo. Alikubali sharti lolote ulilompa, mradi lile jambo lenyewe liendelee. Nilidhani wakati ule kwamba huo ni ujanja. Sasa nadhani ulikuwa udhaifu wake mkubwa, kwamba hakuwahi kuambiwa sharti akasema, hapana, hili limezidi.

Mama Saumu hakutoa sharti. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, Mdigo mwenye sauti ndogo, akiuza vitumbua asubuhi. Alimleta Saumu kwa mkono hadi mlango wa ghala akasema neno moja: "Ninakukabidhi mtoto mmoja. Ndiye niliye naye."

"Nimempokea," Mwalimu akajibu.

Mtu akisikia "mwanamke wa judo" anadhani alikuwa jabali. Alikuwa mfupi, mwembamba wa shingo, na aliogopa mjusi. Mjusi akianguka kutoka darini alitoka mbio akatuacha na somo, akarudi baada ya sisi kumhakikishia mara tatu kwamba ameondoka. Chai yake ilikuwa sukari iliyotiwa chai. Godoroni hakuvumilia udanganyifu hata wa kope: ukiangushwa useme umeangushwa, ukikabwa upige godoro mara mbili uachiwe, na asiyepiga akazimia kwa kiburi alifukuzwa wiki nzima. Lakini kwenye karata alikuwa mwizi mkubwa. Alificha karata kwenye mikono mipana ya ile nguo yake ya judo, na tulipomshika alitutazama kwa mshangao wa mtu aliyeonewa.

Hakuwahi kumwambia mtu "vizuri". Ukipatia alisema "Haya," basi, na hiyo "Haya" tuliibeba nyumbani kama zawadi.

Alisema maneno ambayo mpaka leo yananijia nikiwa jikoni. Alisema, "Usishindane na nguvu ya mtu, shindana na haraka yake." Alisema, "Anayekushika kwa mikono miwili hana mkono wa tatu." Na kila mwanafunzi mpya alimwambia kwamba hakuna aibu katika kusema basi. Hili la mwisho alitufundisha sisi. Mwenyewe hakulijua.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimelizunguka.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa watatu tu ghalani: Mwalimu, Saumu na mimi. Sisi wawili tulikuwa na miaka kumi na saba na tulichaguliwa kwenda kuonyesha judo kwenye maadhimisho ya shule moja Muheza. Tulikuwa tukirudia mtupo mmoja wa nyonga, unamzungusha mwenzako juu ya kiuno chako anatua kwa mgongo. Tulishaurudia mara mia.

Akaja mtu mlangoni. Alikuwa bwana mmoja wa Pangani, mtu wa minazi, mtulivu, ndiye aliyekuwa akimpatia Mwalimu ule usumba. Sote tulijua kwamba haji kwa ajili ya usumba. Mwalimu akatuambia tupumzike, akatoka nje kuzungumza naye. Nilimsikia akicheka. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Hatukupumzika. Mimi ndiye niliyesema, "Mara moja tu ya mwisho." Saumu akasema tumesogea sana pembeni. Mimi nikasema, "Njoo bwana." Pembeni ya ghala kulikuwa na ukingo wa saruji, mrefu wa kama shibiri mbili, ambao zamani waliwekea marobota ya mkonge yasilowe. Nikamshika, nikazunguka, nikamtupa. Ulikuwa mtupo mzuri kuliko yote niliyowahi kuifanya. Mgongo wake ulitua juu ya ule ukingo.

Hakulia. Alinitazama akasema, "Neema, miguu yangu iko wapi?"

Mwalimu alikuwa ameshaingia. Alipiga magoti, akamwambia asijitikise, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniambia bila kunitazama, "Mwite yule bwana alete mlango." Yule bwana akang'oa mlango mmoja wa ghala kwenye bawaba zake, tukamlaza juu yake, tukampeleka hospitali kwenye gari lake la mizigo.

Mama Saumu alikuja hospitali na mikono ina unga wa mchele. Tulikuwa tumesimama ukumbini, mimi na Mwalimu. Akauliza, "Nani?" Hakuuliza imekuwaje. Aliuliza nani.

Nilifungua mdomo. Ninaapa niliufungua. Mwalimu akatangulia.

"Mimi," akasema. "Nilikuwa nikimwonyesha mtupo. Mimi ndiye niliyemwangusha."

Mama Saumu alimtazama akasema, kwa ile sauti yake ndogo, maneno yaliyokuja kuwa kama hukumu ya mahakama: "Wewe ndiye uliyemwangusha. Basi wewe ndiye utakayemwinua."

"Nitamwinua," Mwalimu akasema.

Baadaye, nje, nilimwambia kwamba nitarudi ndani niseme kweli. Alinikamata kwenye kiwiko, na ule mkono sikuweza kuutoa. "Nyie ni majirani," akaniambia. "Ukuta mmoja. Baba yako na mama yake wataishi hapo mpaka wazikane. Wewe una miaka kumi na saba. Mimi ndiye mwenye ghala, na mimi ndiye niliyekuwa nje nacheka. Nyamaza." Nami nikanyamaza. Sikunyamaza kwa sababu ya baba yangu wala ya mama yake. Nilinyamaza kwa sababu nilipewa ruhusa.

Madaktari walisema miguu haitarudi. Ghala lilifungwa mwezi ule ule na halikufunguliwa tena. Ndivyo ilivyokwisha kazi ya mwalimu wa kwanza wa judo wa wasichana katika Tanga: bila barua, bila sherehe, mlango mmoja umeng'olewa.

Ikaanza kazi nyingine. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwalimu alifika kwa Mama Saumu. Alimwinua Saumu kitandani, akampeleka bafuni, akamwogesha, akamvika, akamkalisha. Saa kumi alasiri alirudi, akamgeuza, akamnyoosha miguu asikakamae, akamwogesha tena. Baada ya isha alirudi mara ya tatu kumlaza. Mara tatu kwa siku, Ramadhani na Idi, masika na kiangazi. Vidonda vya kulalia, ambavyo huwaua watu wa namna ile, Saumu hakuvipata hata kimoja, na manesi waliokuja kumpima walikuwa wakiuliza ni nani anayemhudumia.

Mama Saumu hakumtukana hata mara moja. Ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alimwekea chai, akampa kigoda, akakaa kumwangalia akifanya kazi. Akichelewa dakika kumi, alimkuta mama amesimama kizingitini, kimya, ushungi umefungwa vizuri kama anayesubiri msiba.

Mwaka wa kwanza Mwalimu alijaribu kumfundisha Saumu kujihamisha mwenyewe kwa nguvu za mikono, kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mikono yake ilikuwa mizima, tena yenye nguvu. Siku ya pili ya mafunzo Saumu aliteleza akaangukia kalio. Hakuumia. Lakini Mama Saumu aliingia kati.

"Unataka kumtupa tena?"

"Hapana, Mama. Nataka ajiweze."

"Hakuna kujiweza. Kuna kuinuliwa. Si ulisema utamwinua?"

Mwalimu akaacha. Nilikuwepo, nimekuja kusalimu, nimeshika bakuli la uji. Niliona uso wake ukifungwa kama dirisha.

Yule bwana wa Pangani alisubiri. Alituma posa, Mwalimu akamwambia asubiri kidogo. Alisubiri miaka minne. Akamwambia yuko radhi hata kuhamia Makorora, na kwa mwanamume wa pwani hilo si jambo dogo. Mwalimu akamjibu kwamba hawezi kuwa mke wa mtu huku saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na baada ya isha ni za Saumu. Mimi nadhani kulikuwa na jambo jingine. Nadhani kila akimwona alisikia kicheko chake mwenyewe cha siku ile. Bwana akaoa kwingine, na alipooa alimletea Mwalimu gunia moja la usumba, sijui kwa nini. Lilikaa uani kwake mpaka likaoza.

Dada yake Mwalimu alipofariki Kigombe, Mwalimu alikwenda na gari la saa moja asubuhi, akawahi mazishi ya adhuhuri, akawa Makorora saa kumi. Hakukaa matanga. Ndugu zake hawakumsamehe, naye hakuwaeleza.

Barua ya Dar es Salaam ilikuja mwaka wa nane. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka Moshi, nilikoolewa nikafungua duka la vitambaa. Yule mgeni wa zamani alikuwa ameshaondoka nchini, lakini wanafunzi wake wa kiume walikuwa wakubwa wa mchezo sasa, na walimkumbuka. Walitaka aje kuwafundisha wanawake wa timu ya taifa. Nyumba, mshahara, kila kitu. Alinipa niisome kwa sauti, mbele ya Saumu, huku akimkata kucha za miguu.

"Utakwenda?" Saumu akauliza.

"Kucha hizi zimekuwa ngumu," Mwalimu akasema.

"Mwalimu, utakwenda?"

"Nikienda nani atakuinua? Mama yako mgongo wake huo mbovu. Tulia, nisikukate."

Nilirudi Moshi kesho yake. Kwenye basi nilijiambia nitamwandikia Mama Saumu barua, niandike kila kitu, ili Mwalimu awe huru aende. Niliiandika. Nilikaa nayo dukani, chini ya jora la kitenge, mpaka nafasi ile ya Dar ikapewa mtu mwingine, halafu nikaichana kwa sababu haikuwa na kazi tena. Watu hudhani dhamiri ni kitu kinachokuuma kila siku. Si kweli. Unaweza ukala, ukauza vitambaa, ukazaa, ukacheka harusini. Ila ni kama kuishi kwenye chumba ambacho mlango wake unaujua ulipo, na kila siku unasogeza kabati mbele yake.

Mama Saumu alifariki mwaka jana, mwaka wa kumi na tisa tangu ile Jumamosi. Nilifika siku tatu baada ya arobaini yake. Nilikuwa nimeamua. Aliyekuwa akiogopwa hayupo tena, na mimi nilikuwa mwanamke mzima ninayeona haya kujitazama.

Nilimkuta Saumu kitandani, amejiegemeza, anashona kofia ya vitobo. Kofia zake zinajulikana mpaka Mombasa. Amenenepa kidogo, mdomo wake ni ule ule mkali. Mwalimu alikuwa jikoni akichemsha maji ya alasiri. Alitoka kunipokea na nikashtuka. Alikuwa amevuka sitini. Kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba, amekifunga kitambaa, na alipokaa alianza kwa kushika ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo? Umenona." Akarudi kwenye maji yake.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia Saumu, kwa haraka, kabla sijajirudi, "Ni mimi niliyekutupa. Mwalimu hakuwepo hata ndani. Mama yako alidanganywa. Nimekuja kusema."

Saumu hakuacha kushona. "Neema," akasema, "umetoka Moshi kuja kuniambia ninachokijua? Mgongo ulioanguka ni wangu. Nilikuona uso."

"Mbona hukusema?"

"Mwalimu aliniomba, hospitali. Nilikuwa mtoto, nikakubali."

"Na baadaye?"

Sindano ikasimama. Mwalimu alikuwa ameingia na beseni, ameliweka chini, anajifuta mikono. Saumu akamtazama yeye, hakunitazama mimi.

"Baadaye nilinyamaza kwa ajili yangu," akasema. "Ningesema kweli, Mama angekuchukia wewe, Neema, na wewe ulikuwa umeshakwenda zako Moshi. Nani angekuja saa kumi na mbili? Huyu angekuwa huru. Angekwenda Pangani kwa bwana wake, angekwenda Dar. Mimi ningebaki na Mama na mgongo wake. Nilihesabu hivyo, tena kwa akili timamu. Na liko jingine."

"Saumu," Mwalimu akasema, "maji yanapoa."

"Yaache yapoe."

Akaweka kofia pembeni. Akafunua shuka. Kiti cha magurudumu kilikuwa kando ya kitanda, mahali ambapo mimi nilikuwa nimetundika mkoba wangu. Akautoa mkoba, akakivuta kiti, akakikaza breki. Akaishika miguu yake, mmoja baada ya mwingine, akaishusha kama mtu anayeshusha watoto kitandani. Akaweka ngumi moja kwenye godoro, mkono mwingine kwenye mkono wa kiti. Akajiinua. Makalio yakapaa, yakapita ule mwanya, yakatua kitini. Alikuwa anahema kidogo tu.

Mwalimu alimaliza kujifuta mikono.

"Tangu lini?" Mwalimu akauliza.

"Tangu mwaka ule wa barua."

"Miaka kumi na moja."

"Mama alikuwa akienda sokoni na vitumbua vyake. Nilikuwa nikijifunza. Nilianguka mara nyingi, nikalala chini nikajipandisha mwenyewe kabla hajarudi." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti haikutikisika. "Nilitaka kukuonyesha siku ile ile. Ukaja, ukanikata kucha, ukasema nikienda nani atakuinua. Nikasema moyoni, nitamwonyesha kesho. Halafu nikaona kwamba nikikuonyesha, hutakuja. Wallahi nilikuwa nakungoja kila siku nikikusikia mlangoni, najifanya sijiwezi. Haya. Nimesema. Nipige."

Nilimtazama Mwalimu. Nilidhani atalia, au atalaani, au atakaa chini. Alimzunguka Saumu polepole, akamtazama kutoka ubavuni, akainama kutazama magurudumu, akatazama umbali wa kiti na kitanda.

"Kiwiko chako kinatoka nje," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ndio maana unahema. Bega litakuharibikia. Rudi kitandani, rudia."

Saumu akarudi kitandani, akarudia.

"Kiwiko."

Akarudia tena. Mara ya tatu, ya nne. Mimi nilikuwa nimejibana ukutani, sina kazi, sijui niangalie wapi. Mara ya sita Saumu alipaa na kutua kitini bila hata kuchezesha kichwa, na Mwalimu akasema, "Haya."

Halafu akachukua buibui lake msumarini, akalivaa taratibu kwa sababu ya ule mkono, akatoka. Hakutuaga. Tulimsikia akiwaamkia watu barazani, mmoja mmoja, hadi sauti ikapotea.

Hakurudi baada ya isha. Saumu alijilaza mwenyewe, mimi nikimshikia shuka tu. Asubuhi saa kumi na mbili hakuja. Nilimpigia mume wangu simu kumwambia sirudi bado. Alasiri hakuja. Saumu hakushona. Alikaa kitini, akiangalia mlango, na hakunisemesha, nami nilijua kwamba hanilaumu na wala hajanisamehe, na kwamba huenda nisijue kamwe ni lipi kati ya hayo. Tukasikia kutoka kwa muuza samaki kwamba Mwalimu ameonekana Kigombe, kwenye kaburi la dada yake, na kwamba ndugu zake wamempa chumba.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, mtu alisimama mlangoni.

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu aliingia nyumba ile bila kubisha, kama mtu anayeingia kazini. Siku hiyo alibaki nje ya kizingiti, mguu hauvuki, ameshika kikapu chenye samaki wa Kigombe waliokaushwa.

"Hodi," akasema.

Niliinuka kwenda kumfungulia. Saumu akanyoosha mkono kunizuia, akasukuma magurudumu yake mwenyewe hadi mlangoni. Ilimchukua muda, sakafu ile ina mashimo. Mwalimu alisubiri pale pale juani, na hakuingia mpaka alipokaribishwa.